Vidole vikifa ganzi, sema kabla ya dripu ijayo

MAMA mmoja, fundi wa cherehani katika mtaa ninakofanyia kazi, aliingia kliniki yangu akiwa amefunga kidole cha shahada kwa kipande cha kitambaa. Sindano ya cherehani ilikuwa imeingia kwenye ukucha ikatokea upande wa pili. Ajali hiyo ni ya kawaida kwa mafundi wa nguo. Lisilo la kawaida ni kwamba hakusikia uchungu wowote. Alijua amejidunga pale tu alipoona damu kwenye kola nyeupe ya shati la shule alilokuwa akishona.

Mama huyo alikuwa akitibiwa saratani ya matiti. Upasuaji ulikuwa umekwisha kufanywa, na kila wiki alikuwa akienda hospitali kuwekewa dripu ya dawa iitwayo paklitakseli. Kati ya dripu 12 alizopangiwa, alikuwa amebakisha 3. Nilipomuuliza vidole vilianza kufa ganzi lini, alinitazama kwa mshangao.

"Si nilikwambia, daktari?"

Na kweli alikuwa ameniambia. Mwezi mmoja hivi kabla ya siku hiyo alikuja kupimwa shinikizo la damu. Alipokuwa akifungua mlango kutoka, aligeuka akasema kwamba vidole na nyayo vinamwasha na kumchomachoma kama mtu aliyekanyaga siafu. Nilimwandikia tembe za vitamini. Sikumuuliza swali hata moja. Naye akachukulia kwamba, ikiwa daktari ametoa vitamini tu, basi hilo si jambo la kumsumbulia daktari wa saratani.

Msomaji, huenda nawe una mzazi, ndugu au jirani anayetibiwa saratani, au huenda ni wewe mwenyewe. Watu wengi wanajua kwamba dawa hizi hunyonyoa nywele na kutapisha. Wachache mno huambiwa kwamba zinaweza pia kudhuru mishipa ya fahamu ya mikono na miguu. Nywele huota tena. Mishipa ya fahamu haina uhakika huo.

Barabara ndefu

Dawa za kemotherapi, au "kimo" kama wagonjwa wengi wanavyoziita, kwa kawaida hulenga seli zinazogawanyika upesi, kwa kuwa ndivyo seli za saratani zilivyo. Ndiyo maana nywele hunyonyoka, mdomo hutoka vidonda na damu hupungua: seli za mizizi ya nywele, za utando wa mdomo na za uboho wa mifupa nazo hugawanyika upesi. Lakini seli za fahamu za mtu mzima hazigawanyiki. Kwa nini basi zidhurike?

Ndani ya seli kuna mirija midogo mno, isiyoonekana kwa macho. Seli inapotaka kugawanyika, mirija hiyo ndiyo huzivuta kromosomu, nusu huku na nusu kule. Paklitakseli huikaza mirija hiyo isiweze kuvunjika. Vinkristini, dawa nyingine tutakayoizungumzia, huizuia isijengeke. Kwa njia zote mbili seli ya saratani hukwama katikati ya kugawanyika, ikafa. Seli ya fahamu haina haja na mirija hiyo kwa kugawanyika, ila inaitumia kwa kazi nyingine kabisa: ndiyo barabara yake ya kusafirishia chakula na vifaa.

Sasa fikiria urefu wa barabara yenyewe. Seli inayokuletea habari za kidole gumba cha mguu ina makao yake makuu kando ya uti wa mgongo, sehemu ya kiunoni, na uzi wake huteremka hadi kwenye kidole. Kwa mtu mzima huo ni mwendo wa karibu mita 1. Karibu kila kinachohitajika kidoleni hutengenezwa kule juu na kusafirishwa hadi chini. Ni kama malori yanayotoka bandari ya Mombasa kwenda Malaba. Barabara ikiharibika hapa na pale, mwenye duka Mariakani atapata bidhaa zake, hata kama zitachelewa. Wa Malaba ndiye atakayekaa na rafu tupu kwanza.

Hii ndiyo sababu ganzi ya dawa hizi kwa kawaida huanza kwenye vidole vya miguu, ikapanda hadi nyayo, kisha ikaonekana kwenye vidole vya mikono, pande zote mbili kwa pamoja. Mgonjwa hujihisi kama aliyevaa soksi na glavu ilhali hana kitu.

Dawa zinazotokana na madini ya platinamu, kama vile sisplatini na oksaliplatini, hazisumbuki na barabara. Hizo huyaendea makao makuu yenyewe. Ubongo wetu una kizuizi kinachochuja yanayopita katika damu, lakini mafundo ya seli za fahamu yaliyo kando ya uti wa mgongo hayana kinga kama hiyo, na platinamu hujikusanya humo. Sisplatini hutumika sana, kwa mfano kwa akina mama wenye saratani ya mlango wa uzazi wanaopigwa miale. Ina tabia moja inayowashangaza wagonjwa: ganzi inaweza kuendelea kuongezeka kwa miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho. Mtu amemaliza matibabu, amepongezwa, amerudi nyumbani, na miguu ndiyo inazidi kufa ganzi. Ikikupata hivyo, usidhani umerogwa wala kwamba lazima saratani imerudi, lakini rudi ukaonekane. Dawa hiyo pia huweza kuleta mlio masikioni na kupunguza usikivu.

Oksaliplatini, inayotumiwa kwa saratani ya utumbo mpana, ina vituko vyake. Wagonjwa walio wengi husumbuliwa na baridi katika siku za kwanza baada ya dripu. Ukishika kitasa cha chuma asubuhi, vidole vinachoma kana kwamba umeshika waya wa stima. Ukinywa soda iliyotoka kwenye friji, koo linabana na unadhani unakosa pumzi. Koo huwa halijaziba, ni mishipa ya fahamu inayotoa habari za uongo, lakini mtu ambaye hakuonywa huingiwa na hofu kubwa. Anayeishi Limuru au Nyahururu na kupata dawa hii mwezi wa Julai anahitaji glavu, skafu na maji ya uvuguvugu. Hata hivyo, ukivimba uso, ukitokwa na vipele au kupumua kwa mlio, hiyo si baridi tena. Kimbia hospitali.

Ua la uani na mtoto anayejikwaa

Vinkristini naijadili peke yake kwa sababu ndiyo dawa ya watoto. Hutokana na mmea wenye asili ya Madagaska, ule wenye maua ya waridi au meupe ya petali 5 unaopandwa kama pambo nje ya nyumba nyingi hapa Kenya. Tangu miaka ya 1960 dawa hiyo imesaidia kuponya watoto wengi wenye saratani ya damu, ya figo, na ile saratani ya taya ambayo daktari mpasuaji Denis Burkitt aliieleza mwaka wa 1958 alipokuwa akifanya kazi Kampala, na ambayo huwapata hasa watoto wa sehemu zenye malaria nyingi kama vile kandokando ya Ziwa Victoria na Pwani.

(Kabla mtu hajakwenda kuchemsha majani ya ua hilo: dawa iliyomo ni kidogo mno na ni kali mno, na mmea una kemikali nyingine nyingi pamoja nayo. Katika sufuria huwezi kuipima. Utajiua bure.)

Mtoto hakwambii kwamba amekufa ganzi, kwa kuwa hana neno hilo. Mzazi ndiye atakayeona. Mtoto aliyekuwa akikimbia sasa anajikwaa penye sakafu tambarare. Malapa yanamchomoka mguuni bila yeye kujua. Anaburuta ncha ya mguu, au anatembea akiinua goti juu kama anayevuka matope. Anashindwa kupanda ngazi. Mwingine hulia kwamba taya linamuuma, na wazazi humpeleka kung'olewa jino. Mwingine hufunga choo kwa siku kadhaa, kwani mishipa ya fahamu ya utumbo nayo imeguswa. Hayo yote mwelezeni daktari kabla mtoto hajadungwa tena. Aidha, mtajieni kila dawa nyingine anayopewa, hasa dawa za kuua ukungu wa mdomoni kama itrakonazoli. Baadhi ya dawa hizo huzuia ini kuisafisha vinkristini mwilini, na dozi iliyokuwa salama hugeuka kuwa sumu.

Wanaohitaji uangalizi zaidi ni wale ambao mishipa yao ya fahamu ilikuwa taabani hata kabla ya saratani: wenye kisukari, wanaokunywa pombe kupita kiasi, na wanaomeza isoniazidi kwa ajili ya kifua kikuu. Vivyo hivyo wale walioishi na virusi vya Ukimwi kwa muda mrefu na waliowahi kutumia stavudini, dawa ambayo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2009 iachwe hatua kwa hatua, mojawapo ya sababu ikiwa ni madhara haya haya. Mwambie daktari historia yako yote. Faili lako la zamani huenda liko hospitali nyingine na hajaliona.

Hofu ya kukatiziwa dawa

Tatizo hili si la wachache. Mwaka wa 2014 watafiti walijumlisha matokeo ya uchunguzi 31 uliohusu zaidi ya wagonjwa 4,000. Katika mwezi wa kwanza baada ya kemotherapi za aina hizi, wagonjwa 68 kati ya kila 100 walikuwa na dalili za kudhurika kwa mishipa ya fahamu. Baada ya miezi 6 au zaidi, walibaki 30 kati ya 100. Yaani wengi hupata nafuu, lakini si wote.

Kwa nini basi hatusikii? Nilimuuliza yule fundi kwa nini, kama vitamini zangu hazikumsaidia, hakumweleza daktari wake wa saratani. Alinyamaza kidogo. "Daktari, nikisema watanikatizia dawa. Na mimi nina watoto."

Jibu hilo nimelisikia tangu hapo kutoka kwa wagonjwa wengine, kwa maneno tofauti. Mtu ameuza shamba au ng'ombe, familia imefanya harambee, amepanga foleni tangu saa kumi na moja alfajiri. Ataanzaje kulalamikia vidole? Anajiambia kwamba kama dawa inaniuma mimi, basi saratani inaumia zaidi. Naelewa fikira hiyo, lakini haina msingi. Ganzi haionyeshi kwamba dawa inafanya kazi. Ni madhara tu.

Ukweli ambao mgonjwa huyu hakuambiwa ni kwamba daktari ana mengi ya kufanya kabla ya kufikia kukatiza. Anaweza kupunguza dozi kidogo. Anaweza kuahirisha dripu kwa wiki moja au mbili. Anaweza kubadilisha dawa, kwa mfano kutoka paklitakseli hadi dosetakseli ambayo ni ndugu yake lakini kwa kawaida haisumbui sana mishipa ya fahamu. Kwa wenye saratani ya uboho wanaodungwa bortezomibu, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2011 ulionyesha kwamba kuidunga chini ya ngozi badala ya kwenye mshipa wa damu hupunguza madhara haya bila kudhoofisha tiba. Ni uamuzi unaohitaji kupimwa. Mgonjwa anayetarajiwa kupona kabisa na aliyebakisha dripu 1 hapimwi sawa na yule anayepewa dawa ya kumpunguzia maumivu tu. Lakini hauwezi kupimwa ikiwa upande mmoja wa mizani umefichwa. Na usijikatizie mwenyewe kwa kutohudhuria kliniki, kwani hapo unaiachia saratani nafasi.

Kwa hiyo jichunguze kabla ya kila dripu. Je, unaweza kufunga vifungo vya shati bila kuvitazama? Ukitia mkono mfukoni au kwenye pochi, unatambua shilingi 5 na shilingi 10 kwa vidole tu? Stima ikipotea usiku, unayumba ukitembea? Ukiinama kunawa uso na kufumba macho, unataka kuanguka? Miguu ikikosa habari za sakafu, macho ndiyo hushika kazi yake, na macho yakifumbwa hakuna anayebaki kazini. Mweleze daktari kwa mifano ya namna hii. "Nina ganzi kidogo" haimwambii mengi. "Siku hizi mtoto ndiye anayenifunga vifungo" humfanya aweke kalamu chini na kukusikiliza.

Vitamini na matangazo

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Sisi madaktari hupenda kuandika vitamini kwa sababu mgonjwa huondoka ameridhika na mlolongo unasonga. Lakini chama cha madaktari wa saratani cha Marekani kilichambua tafiti zilizokuwapo mwaka wa 2014, kikarudia tena mwaka wa 2020, na mara zote mbili kilisema hakuna tembe wala vitamini inayoweza kupendekezwa kwa kuzuia madhara haya. Mbaya zaidi, asetili-L-karnitini, ambayo huuzwa kama kirutubisho cha mishipa ya fahamu, iliwazidishia wagonjwa hali hiyo katika utafiti wa mwaka wa 2013. Hata vitamini B6, ikimezwa kwa wingi kwa muda mrefu, yenyewe huharibu mishipa ya fahamu. (Wanaotumia dawa za kifua kikuu wasiiache B6 waliyopewa hospitalini. Hiyo ni dozi ndogo na ina kazi yake.)

Kwa maumivu ya kuchoma, dawa moja tu ndiyo iliyopata ushahidi wa kutosha kwa wachambuzi hao kuipendekeza, nayo ni duloksetini, ambayo asili yake ni dawa ya huzuni kali. Usishangae ukiandikiwa, haina maana kwamba daktari anadhani una wazimu. Hupunguza maumivu kwa baadhi ya wagonjwa, lakini haitarajiwi kurudisha hisia zilizopotea, na isichanganywe kiholela na dawa nyingine. Mazoezi mepesi ya kutembea na ya kusimama imara husaidia wengine. Kuna pia watafiti wa Japani waliochapisha mwaka wa 2018 utafiti mdogo wa wagonjwa wa saratani ya matiti waliovaa glavu na soksi zilizogandishwa wakati wa dripu ya paklitakseli, na sehemu zilizopozwa zikadhurika kidogo zaidi. Mimi naona ni jambo la kutia moyo, ingawa halijathibitishwa vya kutosha. Asilijaribu mtu nyumbani kwa barafu ya friji, na asiliguse kabisa anayepewa oksaliplatini.

Kuna ganzi moja isiyongojea kliniki ya wiki ijayo. Ikiwa mgongo unauma na miguu inalegea kwa ghafla, ikiwa huwezi kukojoa au unajikojolea, ikiwa sehemu unayokalia imekufa ganzi, au ikiwa upande mmoja tu wa mwili umepooza, usiseme ni dawa. Huenda uvimbe unabana uti wa mgongo, au ni kiharusi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Nyumbani, miguu isiyosikia lazima itazamwe. Kila jioni iangalie nyayo kwa kioo, au mtoto akutazamie, kama kuna kidonda, msumari au malengelenge. Vaa viatu vilivyofunika vidole hata ndani ya nyumba. Pima maji ya kuoga kwa kiwiko, kwa sababu vidole vitakudanganya. Sufuria ya moto aipakue mwingine. Ondoa mikeka inayoteleza, na ukiamka usiku washa taa kwanza. Ikiwa unaendesha matatu au lori na huhisi vizuri kanyagio la breki, weka funguo chini na umweleze mwajiri wako. Najua hilo ni gumu kwa mwenye kulipwa kwa siku, lakini abiria 14 nao wana watoto.

Yule fundi nilimwandikia barua siku hiyo hiyo, na nikampigia simu daktari wake wa saratani. Dripu iliyofuata iliahirishwa kwa wiki moja, na zilizobaki alipewa kwa dozi ndogo zaidi. Alizimaliza. Sasa umepita mwaka na nusu. Nyayo zimepona, kidole gumba na cha kati vimerudi karibu kama zamani, lakini ncha ya kidole cha shahada haijarudi, nami sidhani itarudi. Hutia uzi kwenye sindano kwa msaada wa binti wa jirani, na kidole hicho amekivisha subana hata anapotumia cherehani, jambo linalowachekesha wateja wake. Suruali na makoti ameacha kushona. Sare za shule bado anashona.